Robo ya Mzunguko

Mimi sina kura. Nina kidole.
Kazi yangu ni kusimamisha picha
pale chuma cha kiatu kinapogusa barafu,
kuirudisha nyuma, kuisukuma mbele, punje kwa punje,
kama mtu anayechambua mchele
ilhali wageni wameshanawa mikono.

Kuopio, Februari. Nje baridi imeshuka
nyuzi ishirini na sita chini ya sifuri.
Ndani tumejibanza mezani na chupa ya kahawa,
watatu wenye sauti, na mimi.

Anaingia Vieno Karppanen wa Iisalmi,
miaka kumi na sita, gauni la kijani
lililoshonwa na shangazi yake,
shanga moja ikining'inia begani kwa uzi.
Anaruka mara tatu. Sivyo:
anaruka mara moja, anazunguka mara tatu.
Watu hukosea hapo.
Anatua, haanguki. Ukumbi unapiga makofi,
na makofi hayajui hesabu.

"Rudisha," anasema Raakel.
Narudisha.
Chuma kimegusa chini kabla mwili haujamaliza safari.
Kimebakiza kiasi gani?
Pungufu ya robo, mruko ni halali.
Ikizidi robo, unakatwa thamani.
Na robo yenyewe ni upana wa ukucha
kwenye skrini iliyopasuka pembeni.
Kamera ni moja tu. Imefungwa upande wa kusini
juu ya tangazo la duka la matairi,
na kona ya mbali huiona kwa makengeza.
"Imezidi," anasema Raakel.
"Imezidi," anasema wa pili.
Wa tatu anakoroga kahawa isiyo na sukari.
Kura mbili zinatosha.

Dakika arobaini baadaye, Minttu Forsblom wa Helsinki,
klabu kubwa, makocha wawili, koti jeupe.
Kona ileile. Mruko uleule.
Kidole changu kilikuwa tayari juu ya kitufe.
Nilisubiri neno.
Raakel aligeuza ukurasa.

Niliirudisha peke yangu, kimya, kwa ajili ya macho yangu.
Niliona nilichokiona.
Hakuna aliyeniuliza, na mashine haina mdomo.

Mwishowe walitengana kwa sehemu thelathini na moja za mia.
Uzito wa nini huo? Hata pumzi ina zaidi.
Minttu akapanda juu, Vieno akapanda chini yake,
wakapigwa picha, mmoja akitabasamu kwa meno,
mwingine kwa adabu.

Kwenye maegesho shangazi anakwangua kioo cha gari
kwa kadi ya maktaba.
"Wewe ndiye wa picha?"
Ndiye.
"Uliona nini?"
Kanuni hainiruhusu.
"Sikukuuliza kanuni."
Mlango wa gari uko wazi. Vieno amepakata viatu,
anafuta vyuma kwa taulo, mashavu yamejaa mkate.
"Nilitua mapema," anasema. "Nilijua nikiwa hewani.
Wangu waliuhesabu sawa."
Anameza.
"Wake je, waliutazama?"

Nikasema njia ina utelezi, waendeshe polepole.

Kanuni inasema picha zifutwe kabla ya usiku wa manane.
Saa tano na nusu bado nimekaa, ukumbi umezimwa taa,
mashine ya kulainisha barafu inanguruma peke yake.
Nafungua mruko wa Vieno mara ya mwisho.
Hapo, picha mbili baada ya chuma kugusa,
shanga inakatika.
Inaanguka, kijani, inadunda, inatulia kwenye barafu.
Vazi likidondosha kitu, adhabu ni alama moja nzima,
na angeshuka hadi wa tano.

Niliiona tangu mchana, Raakel aliposema rudisha.
Niliiona vizuri kuliko ile robo.
Sikusema. Si kazi yangu kusema,
nilijiambia, na kidole changu
kikasogeza picha mbele upesi kidogo.

Nafuta ya Minttu.
Nafuta ya Vieno.
Kisha nashuka uwanjani na tochi,
napiga magoti karibu na kona ya mbali,
naitafuta.